Mshenga wa Ngoma: Nyaraka za Watu wa Kati katika Sanaa za Maonyesho za Masasi na Newala

Utangulizi

Katika historia ya sanaa za maonyesho, nyaraka za wakala wa wasanii zimechelewa kupata heshima. Kwa muda mrefu mtafiti alitafuta mswada wa tamthilia, picha ya mwigizaji au tangazo lililobandikwa mlangoni mwa ukumbi. Barua za mtu aliyekaa kati ya msanii na mwenye ukumbi, akipatana bei, akibembeleza, akidai malimbikizo, zilionekana kuwa takataka za ofisini. Mtazamo huo umebadilika. Nyaraka za Peggy Ramsay (1908–1991), wakala wa waandishi wa tamthilia jijini London, zimo leo katika Maktaba ya Uingereza, na za Audrey Wood, wakala wa Tennessee Williams, zimehifadhiwa katika kituo cha Harry Ransom cha Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Karibu zaidi na Afrika ni kazi ya Edric Connor na mkewe Pearl, wenyeji wa Trinidad waliofungua wakala wao London mwaka 1956 ili kuwatafutia kazi wasanii weusi ambao wakala wengine hawakuwajali. Barua za watu kama hawa zinamwonyesha mtafiti jambo ambalo jukwaa linalificha: nani alikataliwa, kwa sababu gani, na nani alilipwa nini.

Makala haya yanauliza mtafiti aanzie wapi ikiwa anataka kuandika historia ya namna hiyo kuhusu nchi ya Masasi na Newala, kuanzia vijiji vya tambarare kama Lisekese, jirani na mji wa Masasi, hadi ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde unaotazama Mto Ruvuma. Hapo hapakuwa na ofisi yenye kibao cha "wakala wa wasanii". Hata hivyo, ngoma zilikodiwa, zilisafirishwa, zilipangiwa siku na mahali, zilikatwa urefu, zilizuiwa na kuruhusiwa. Kila moja ya kazi hizo iliacha karatasi. Hoja yangu ni kwamba uwakala ulikuwepo bila jina lake, na kwamba nyaraka zake zimetawanyika chini ya vichwa vingine katika hifadhi za Leipzig, Berlin, Oxford na Dar es Salaam: etinografia, misheni, usalama, utamaduni. Kuzisoma kama nyaraka za watu wa kati kunabadilisha tunachokiona ndani yake.

Maneno ya kazi yenyewe

Tuanze na msamiati, kwa kuwa lugha imehifadhi tofauti ambazo majalada yamezifuta. Kiswahili kina maneno mengi ya mtu wa kati, na hayalingani. Wakili na wakala yana shina moja la Kiarabu, lakini la kwanza limeelekea mahakamani na la pili limebaki sokoni. Dalali hupata fungu lake katika bei, na kwa hiyo hashukiwi kupendelea upande wowote isipokuwa wake mwenyewe. Mnyapara husimamia kundi kwa niaba ya aliyeliajiri, ingawa yeye mwenyewe ametoka katika kundi hilo. Mshenga, kwa upande wake, hutumwa kupeleka posa. Hana mali katika shauri lile, lakini bila yeye shauri haliendi, na likiharibika lawama humwangukia yeye.

Nimechagua mshenga katika anwani kwa sababu neno hilo linabeba kile ambacho wakala halikibebi, yaani kwamba pande mbili zina heshima zake na hazistahili kukabiliana ana kwa ana kabla ya maneno kulainishwa. Si kila mtu wa kati atakayejadiliwa hapa alistahili jina hilo. Wengine walikuwa wanyapara, na angalau mmoja alikuwa mnunuzi aliyejifanya mgeni.

Leipzig, 1906

Mwaka 1906 Karl Weule wa Makumbusho ya Leipzig alifika Lindi, akapanda hadi Masasi, akakaa Chingulungulu kwa jumbe Matola wa Wayao, kisha akahamia Newala na Mahuta. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu Vita vya Maji Maji vilipopita sehemu hizo na kituo cha misheni cha Masasi kuteketezwa. Weule alisafiri na askari, wapagazi, kinasasauti cha mitungi ya nta na kamera ya sinema. Kitabu chake cha safari, Negerleben in Ostafrika, kilitoka 1908, na tafsiri ya Kiingereza ya Alice Werner ikafuata mwaka 1909. Vitu alivyokusanya viko Leipzig. Mitungi ya sauti iliingia katika hifadhi ya fonogramu ya Berlin, iliyoasisiwa mwaka 1900.

Weule husomwa kama mwanaetinografia, na kwa kawaida hukosolewa hivyo. Lakini tukitazama alichokuwa akikifanya siku hadi siku, tunamwona mwandaaji wa maonyesho. Alihitaji wachezaji siku fulani, saa fulani, mahali penye mwanga wa kutosha. Aliwapata kupitia jumbe au akida. Alitoa ujira na zawadi, akachagua lipi linafaa kuchukuliwa na lipi haliwezi kubebwa. Barua na maelezo yake yamejaa malalamiko ambayo wakala yeyote wa maonyesho angeyatambua: joto, upepo wa Newala, watu waliochelewa, watu waliokataa, mashine zilizokataa pia.

Jambo ninalotaka kulisisitiza ni la kiufundi, na naona limepuuzwa mno. Mtungi wa nta wa wakati ule ulichukua sauti ya dakika mbili au tatu hivi. Kamera ya sinema ilihitaji jua. Ngoma ya uwanda wa Makonde, kwa upande wake, huanza jua linapotua na kuendelea hadi alfajiri. Wimbo hupokewa, hurudiwa, hugeuzwa maneno kulingana na nani amewasili uwanjani. Kwa hiyo kila kilichoingia katika mashine kilikuwa kimekwisha kutungwa upya kwa ajili yake. Wachezaji wa midimu, ngoma ya vinyago inayofunga kipindi cha jando na unyago, waliitwa mchana. Mwimbaji alilazimika kuanza kabla hajawa na hadhira ya kumwitikia, na kukoma kabla wimbo haujafika. Mtu aliyeamua wapi pa kuanzia na wapi pa kukatia ndiye aliyeamua umbo la kazi hiyo kwa vizazi vilivyofuata. Hii ndiyo kazi ya mwandaaji wa maonyesho, na nyaraka za Weule ni kumbukumbu za kazi hiyo kabla ya kuwa kumbukumbu za utamaduni wa mtu yeyote. Mwanaisimu anayetumia mitungi hiyo kuchunguza muundo wa ushairi wa Kimakonde au Kiyao anapaswa kuanza na swali la muda. Ufupi wa beti si lazima uwe sifa ya utanzu. Unaweza kuwa sifa ya nta.

Kuna mtu mwingine wa kati katika nyaraka hizo, naye anasomeka vizuri kuliko Weule mwenyewe. Huyu ni Pesa Mbili, kiongozi wa wapagazi Wanyamwezi, aliyekuwa pia kiongozi wao wa nyimbo. Katika kitabu anajitokeza kama mtumishi mchangamfu. Tukisoma kwa jicho lingine, tunamwona mnyapara aliyewapanga waimbaji wake mbele ya kipaza cha mashine, akajua mzungu anapenda nini na akampa kwa kipimo. Nyimbo za kazi za wapagazi wake hazikuwa za Masasi wala za Newala. Zilitoka magharibi, zikapita pwani, zikaimbwa kusini na kwenda Ulaya. Jalada linaloitwa kwa jina la mahali zilipochukuliwa linasema kweli kuhusu mahali, lakini linapotosha kuhusu chanzo cha sanaa. Hata jina lake, ambalo msomaji wa Kijerumani aliliona kuwa la kuchekesha, lina uzito wake katika msafara ambao kila siku ulihesabiwa kwa posho.

Ruhusa ya askofu

Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi UMCA, ilianza Masasi mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta watu waliokombolewa kutoka utumwani. Jina la Steere linajulikana kwa wasomaji wa jarida kama hili kwa sababu nyingine, yaani sarufi na tafsiri zake za Kiswahili, na si sadfa kwamba majalada ya misheni hiyo, yaliyoko Oxford, yana utajiri wa lugha. Baada ya uvamizi wa 1882 shughuli nyingi zilihamia Newala chini ya Chauncy Maples, na dayosisi ya Masasi ikaundwa mwaka 1926 na Vincent Lucas kuwa askofu wake wa kwanza.

Lucas anakumbukwa kwa jando la Kikristo. Katika makala yake ya 1928 alitetea kwamba desturi zisizo za Kikristo zisifutwe zote; zichujwe, zipewe sala na mahali pake katika mwaka wa kanisa. Terence Ranger (1972) amechambua jambo hili kama historia ya dini, na amefanya hivyo kwa kina. Lakini jando ni maonyesho pia. Lina nyimbo, lina wakufunzi, lina mavazi, lina siku ya kutoka ambayo kijiji kizima huja kutazama. Anayeamua lifanyike mwezi gani, nyimbo zipi ziachwe, mkufunzi yupi akubaliwe na nani alishwe, huyo anaendesha maonyesho. Katika barua za misheni maamuzi hayo yanaandikwa kwa lugha ya uchungaji, lakini muundo wake ni wa mapatano. Kuna upande unaotoa uwanja na upande unaotoa ustadi, na kila mmoja unajua kwamba mwingine hawezi kuendelea peke yake.

Mpango huo ulifanikiwa zaidi kwa wavulana kuliko kwa wasichana. Sababu inafundisha mengi kuhusu uwakala. Kwa jando, mapadri wenyeji walikuwa wamepita wenyewe katika mambo hayo, wakaweza kusimama pande zote mbili. Kanoni Kolumba Msigala, ambaye kumbukumbu za maisha yake zimo katika nyaraka za misheni, ni mfano wa msomi aliyezungumza na askofu na wazee bila kumgeuzia mmoja mgongo. Kwa unyago, mamlaka ilikuwa mikononi mwa makungwi wanawake, na hakuna padri aliyeweza kuwa mshenga wao. Yasiyopatanishwa hayakuandikwa. Ndiyo maana majalada yanazungumza mengi kuhusu nyimbo za wavulana na machache kuhusu za wasichana, na mtafiti anayelinganisha tanzu hizo mbili kwa kutegemea wingi wa maandishi atakuwa anapima upatikanaji wa mapadri.

Barua zilizokusanywa na polisi

Beni ni hali tofauti, kwa kuwa hapo waandaaji walijiandikia wenyewe. Ngoma hii ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikafuata askari na wapagazi wa pande zote mbili. Vita hivyo vilifika hapa mwishoni: mapigano ya Mahiwa yalikuwa Oktoba 1917, na mwezi uliofuata jeshi la Kijerumani lilipita uwanda wa Makonde na kuvuka Ruvuma. Makundi makubwa yalikuwa Marini na Arinoti, yenye matawi kutoka mji hadi mji na vyeo vilivyoigwa kutoka jeshini na serikalini.

Mwaka 1919 utawala mpya wa Waingereza uliingiwa na hofu na ukafanya uchunguzi kuhusu vyama hivyo. Ripoti na barua zilizokusanywa zilibaki katika majalada ya sekretarieti, na ndizo zilizomwezesha Ranger (1975) kuandika kitabu chake kuhusu ngoma na jamii. Iliffe (1979) naye alizitumia. Hofu hiyo, kwa kejeli ya historia, ilituhifadhia kitu cha karibu zaidi na nyaraka za wakala wa maonyesho kwa Kiswahili: mawasiliano ya tawi na tawi kuhusu wageni watakaopokelewa, michango, sare na nani ana haki ya cheo gani. Waandishi wake walikuwa makarani, walimu na askari, watu waliojua kwamba barua yenye muhuri huendesha mambo. Afisa wa usalama aliiona mipango hiyo kama dalili ya njama. Kwa maoni yangu alisoma sawasawa kwamba kulikuwa na mtandao, akakosea kuhusu bidhaa yake. Mtandao ule ulisafirisha maonyesho.

Hapa pana tahadhari moja kwa wanafunzi wa isimu. Barua za beni hutumiwa mara kwa mara kama ushahidi wa Kiswahili cha wakati wa vita. Ni sawa, lakini ni Kiswahili cha watu wanaoigiza ofisi. Urasmi wake ni sehemu ya mchezo, kama vile kofia na filimbi zilivyokuwa. Anayehesabu istilahi za kijeshi ndani yake bila kukumbuka kwamba mwandishi alikuwa akicheza cheo chake atatoa matokeo sahihi ya kitakwimu kuhusu jambo lisilokuwepo.

Serikali yashika usukani

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alilitangazia Bunge kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba watu waliosoma walijua dansi za kigeni kuliko ngoma zao, akataja ngoma kadhaa kwa majina, miongoni mwao gombe sugu na lele mama. Sindimba haikuwa katika orodha hiyo. Lakini katika muda usiozidi miaka kumi, sindimba ya Wamakonde ndiyo iliyokuwa karibu alama ya ngoma ya Tanzania: ilichezwa na kikundi cha taifa, ikafundishwa shuleni, ikapelekwa kwa wageni wa kitaifa. Siri Lange (1995) na Kelly Askew (2002) wameonyesha jinsi ngoma zilivyogeuzwa katika safari hiyo. Muda ulifupishwa, safu zilinyooshwa kuelekea hadhira iliyokaa upande mmoja, maneno yakabadilishwa, na mchezo wa kiuno uliokuwa na maana yake katika mafunzo ya unyago ukabaki kuwa ustadi wa mwili tu. Nta ya Weule ilikata dakika. Jukwaa la taifa lilikata muktadha.

Mtu wa kati sasa alikuwa Afisa Utamaduni wa wilaya. Ningependa tumtendee haki. Fasihi ya kitaaluma humchora kama mkono wa chama, na mara nyingi alikuwa hivyo. Lakini ndiye aliyetafuta lori, ndiye aliyeandika barua ya kuomba posho, ndiye aliyewajibu wazee waliouliza kwa nini vijana wao wamechezeshwa mchana mbele ya kiongozi bila ruhusa ya mwenye ngoma. Ofisi yake ilishughulikia sikukuu za Saba Saba, mapokezi ya Mwenge, mashindano ya ngoma na maombi ya vibali. Sheria Na. 23 ya mwaka 1984 ilipounda Baraza la Sanaa la Taifa, sehemu ya kazi hiyo ilipata sura ya usajili: kikundi kikawa na jina, uongozi, katiba na ada.

Kwa mtazamo wa historia ya wakala, hatua hiyo ya usajili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kabla yake, ngoma ilikuwa ya ukoo, ya kijiji au ya mwalimu fulani wa ngoma, na aliyetaka kuialika alikwenda kwa mtu. Baada yake, ngoma ilikuwa na katibu. Katibu huyo, mara nyingi kijana aliyemaliza darasa la saba, akawa mshenga mpya kati ya wazee wenye ustadi na ofisi yenye kibali. Madaftari ya vikundi, yenye mahudhurio, makato na madeni, ni yake.

Asili ya nyaraka na swali la haki

Watunza nyaraka hufuata kanuni ya asili: karatasi hupangwa kwa aliyezizalisha, wala si kwa kinachozungumziwa ndani yake. Ni kanuni nzuri, kwani inazuia majalada kuvunjwa kwa kufuata matakwa ya kila mtafiti anayepita. Lakini kwa sanaa za maonyesho za Masasi na Newala ina athari tuliyoiona katika kila sehemu hapo juu. Mzalishaji ni Weule, ni Lucas, ni sekretarieti, ni Afisa Utamaduni. Mchezaji anabaki kuwa mada. Katika faharasa ataonekana kama "ngoma, Wamakonde", nyuma ya "nafaka" au kabla ya "njaa".

Jambo hili lina matokeo nje ya chumba cha kusomea. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inatambua sanaa jadi na kudhibiti matumizi yake kwa ajili ya faida. Anayedai kwamba wimbo au mtindo wa kinyago umetoka kwao anahitaji ushahidi, na ushahidi ulioandikwa uko chini ya majina ya watu wa kati. Jamii ya Newala ikitaka kuonyesha uhusiano wake na filamu au mtungi wa sauti ulioko Ujerumani, inalazimika kuanza na jina la aliyezichukua. Kikundi kikitaka kuonyesha kwamba kilikuwa kikicheza ngoma fulani miaka thelathini iliyopita, kinaweza kulazimika kutafuta nakala ya kibali katika ofisi ya wilaya, ikiwa jalada halijateketezwa kwa kupisha mapya. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002, inaweka utaratibu wa kuteua kipi kihifadhiwe na kipi kiharibiwe. Katika uteuzi wa namna hiyo, maombi ya vibali vya ngoma ni rahisi kuonekana kuwa karatasi za muda.

Napendekeza yasichukuliwe hivyo, na sababu yangu ni ya kimaandishi. Barua ya kikundi kwenda kwa Afisa Utamaduni ni miongoni mwa maandishi machache katika mfululizo huu wote ambayo upande wa wachezaji uliyatunga wenyewe, tukiacha zile za beni. Ni utanzu wenye kanuni kali. Huanza na anwani mbili, kumbukumbu namba na tarehe. Hufuata "Yah:" na mada kwa herufi kubwa. Kisha mwandishi hurejea kichwa cha habari hapo juu kabla ya kusema analotaka. Ndani ya ukali huo ndimo mapatano yanamofanyika: idadi ya wachezaji, nauli, chakula, ngoma itakayochezwa na wakati mwingine ile ambayo wazee hawataki ichezwe. Ukurasa wa mwisho, juu ya sahihi, huwa na vifupisho k.n.y., kwa niaba ya, na baada yake jina la ngoma.